Plazma Inayozunguka na Ukuta Usiolowa

Umeme mkubwa unaozalishwa ndani na kandokando ya Bonde la Kilombero hutokana na kitu kinachozunguka. Kule Kihansi, kwenye miteremko ya Udzungwa, maji huporomoka kiasi cha mita 850 na kuyapiga magurudumu ya mitambo mitatu, kila mmoja ukiwa na uwezo wa megawati 60. Kule Kidatu, maji ya Ruaha Mkuu yamekuwa yakizungusha mitambo ya megawati 51 kila mmoja, ya awali tangu 1975 na ya awamu ya pili tangu 1980, hadi ikatimia minne. Na maji hayohayo, yakishaachana na Kidatu na Kihansi, huteremka hadi Rufiji na kuzungusha chuma mara ya pili katika Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115. Katika vituo vyote hivyo kinachozunguka ni chuma kizito, kimeshikwa na shafti, shafti imeshikwa na beringi, na fundi akisimama kando anaweza kukisikia kwa nyayo zake kabla hajakisikia kwa masikio.

Mazungumzo haya yanahusu mzunguko wa namna nyingine, usio na shafti wala beringi, ambao wanasayansi wa nishati wamekuwa wakiuchunguza kwa miongo mingi, kwa sababu juu yake hutegemea kwa kiasi kikubwa kama mtambo wa muunganiko wa viini vya atomu utatulia au utavurugika. Kinachozunguka humo ni plazma, yaani gesi iliyopashwa moto hadi atomu zake zikavuliwa elektroni, ikabaki mchanganyiko wa ayoni, ambazo ni viini vyenye chaji chanya, na elektroni zenye chaji hasi, zote zikienda huru. Radi inayopiga juu ya Udzungwa msimu wa masika ni plazma ya kitambo kifupi. Jua ni plazma ya kudumu.

Muunganiko wenyewe ni tendo la kugonganisha viini viwili vyepesi vya hidrojeni, cha deuteri na cha triti, hadi vikawa kiini kimoja cha heli na nyutroni moja inayotoka kwa kasi ikibeba sehemu kubwa ya nishati iliyozaliwa. Viini hivyo vyote viwili vina chaji chanya, kwa hiyo hukataana, na njia pekee ya kuvikutanisha kwa wingi ni kuvipa joto la kutisha, takriban nyuzijoto milioni 150 za selsiasi, ambalo ni mara kumi ya joto la kitovu cha jua. Hakuna chungu cha udongo wala cha chuma kinachoweza kuhifadhi kitu cha joto hilo, na plazma yenyewe, ambayo ni hafifu kiasi kwamba idadi ya chembe zake ni ndogo kuliko ile ya hewa ya kawaida kwa mara laki mbili hivi, ikigusa ukuta hupoa mara moja na kazi yote ikawa bure. Ndiyo maana hufungiwa ndani ya uga sumaku, yaani eneo ambalo nguvu ya sumaku husikika, kwa kuwa chembe yenye chaji haiwezi kuukata uga huo moja kwa moja, bali hulazimika kuuzungukia na kuufuata kama mtu afuataye kamba gizani.

Chombo kilichoshika nafasi ya mbele katika kazi hiyo kinaitwa tokamaki, jina lililotoka Urusi, ambako wanafizikia Igor Tamm na Andrei Sakharov walibuni wazo lake mwanzoni mwa miaka ya 1950. Umbo lake ni la tairi: plazma imejaa ndani ya tairi hilo, koili kubwa za sumaku zimelizunguka, na ndani ya plazma yenyewe hupitishwa mkondo wa umeme wa mamia ya maelfu au mamilioni ya ampea, ili uga wa koili na uga wa mkondo huo visukane pamoja kama ukili. Wasovieti walipotangaza mwaka 1968 kwamba tokamaki yao iliyoitwa T-3 ilikuwa imefikia joto ambalo wengine hawakuwa wamelikaribia, wengi walitia shaka, hadi Waingereza waliposafiri na vifaa vyao vya leza kwenda Moscow na, mwaka 1969, wakathibitisha kwamba habari zilikuwa za kweli.

Mkondo huo wa ndani, ambao ndio nguvu ya tokamaki, ndio pia udhaifu wake. Mpira wa kumwagilia bustani ukifunguliwa maji kwa presha kubwa bila kushikwa hujipinda na kujirusha huku na huku, na plazma yenye mkondo na shinikizo kubwa hufanya jambo linalofanana na hilo: hujipinda, huvimba upande mmoja, na kusogea kuuelekea ukuta. Mwenendo wa aina hiyo, ambamo kidogo huzaa kikubwa na kikubwa huzaa kikubwa zaidi, huitwa hapa myumbo wa sumaku. Miyumbo ni ya aina nyingi, lakini miwili inatosha kwa mazungumzo haya. Wa kwanza ni ule wa plazma nzima kujipinda, kama huo wa mpira. Wa pili ni wa siri zaidi, na ulielezwa kwa hisabati na wanafizikia Furth, Killeen na Rosenbluth mwaka 1963: nyuzi za uga sumaku, ambazo zingepaswa kulala tabaka juu ya tabaka kama maganda ya kitunguu, hukatika mahali fulani na kuungana upya vibaya, zikaacha mifuko iliyojifunga ambayo wataalamu huiita visiwa vya sumaku. Joto hupita upesi kutoka upande mmoja wa kisiwa hadi mwingine, kwa hiyo kisiwa kikikua huwa kama tundu kwenye blanketi. Visiwa vikiwa vikubwa, plazma yote huweza kuanguka katika sehemu ndogo ya sekunde, na mkondo wa mamilioni ya ampea ukikatika ghafla namna hiyo huurushia ukuta joto na nguvu za kuupinda.

Hapo ndipo mzunguko unapoingia. Plazma ndani ya tairi lake haitulii mahali pamoja. Huweza kuzunguka kulifuata tairi kwa kasi ya makumi ya kilomita kwa sekunde, na katika mitambo yenye msukumo mkubwa huzidi kilomita mia moja kwa sekunde. Swali ni kwa nini kasi hiyo iwe na faida, na jibu lake linaanzia kwenye kitu ambacho mkulima wa Ifakara, katika Bonde la Kilombero, anakijua vizuri kuliko wanafizikia wengi.

Mbegu ya mpunga hulowekwa kabla ya kupelekwa kitaluni, na gunia la mbegu lililotumbukizwa mtoni likaachwa humo usiku kucha hulowa hadi katikati, wakati gunia lilelile likichovywa na kutolewa, likachovywa tena na kutolewa, kila mara kwa nukta moja, hubaki na mbegu kavu ndani ingawa nje linachuruzika. Uga sumaku na metali ni vivyo hivyo. Uga ukiwekwa karibu na bamba la shaba au chuma cha pua hauliingii papo hapo, kwa sababu badiliko lolote la uga huamsha ndani ya metali mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo ya kuamshwa hutengeneza uga wake wenyewe unaoupinga ule unaoingia. Mikondo hiyo haidumu, maana metali ina ukinzani, na inapofifia uga hupenya polepole, kama maji yanavyopenya gunia. Kwa ukuta wa tokamaki ya ukubwa wa kati muda huo wa kulowa ni milisekunde chache, yaani sehemu chache za elfu za sekunde moja. Lakini uga ukiwa unageukageuka upesi kuliko muda huo, ukuta haupati nafasi ya kulowa; kwa uga wa namna hiyo ukuta ni kama umetengenezwa kwa metali isiyo na ukinzani kabisa, na huurudisha uga ulikotoka.

Plazma inayojipinda hubeba uga wake uliopinda. Ikiwa haizunguki, uga huo husimama mahali pamoja mbele ya ukuta, ukuta hulowa, na kizuizi hutoweka. Myumbo ambao bila ukuta ungekua katika sehemu chache za milioni za sekunde hukua sasa katika milisekunde, ambao ni uzembe mkubwa kwa vipimo vya plazma lakini bado ni maangamizi. Ikiwa plazma inazunguka, myumbo hujikuta kati ya mabwana wawili. Ukishikamana na plazma na kwenda nayo, ukuta hauloweki na huusukuma urudi. Ukishikamana na ukuta na kusimama, plazma huupita kwa kasi na kuunyang'anya nishati. Mwaka 1994 wanafizikia Bondeson na Ward walionyesha kwa hesabu kwamba ukuta wenye ukinzani na plazma inayozunguka vinaweza, kwa pamoja, kuzuia myumbo ambao kimojawapo peke yake hakiwezi kuuzuia. Hesabu hiyo iliwapa watafiti matumaini ya kubeba shinikizo kubwa zaidi ndani ya chombo kilekile, na shinikizo ndilo linaloamua nishati itakayopatikana.

Matumaini hayo yalihitaji kupimwa, na hapa historia ya utafiti ina funzo ambalo halijasemwa vya kutosha. Mtambo wa DIII-D ulioko San Diego, Marekani, hupashwa moto kwa miale ya atomu zisizo na chaji zinazorushwa kwa kasi ndani ya plazma, na kwa kuwa miale hiyo yote ilikuwa ikielekea upande mmoja, iliisukuma plazma izunguke ilipotakiwa na isipotakiwa. Watafiti waliotaka kujua ni kasi gani ndogo kabisa inayotosha kuzuia myumbo walilazimika kuipiga plazma breki kwa uga sumaku wa nje. Majaribio hayo yalionyesha kwamba kasi inayohitajika ni kubwa. Kisha, mwaka 2005, mmoja wa mitambo ya miale uligeuzwa uelekee upande wa pili, ikawezekana kuipashia plazma moto bila kuisukuma, na majaribio yaliyofuata hapo na katika mtambo wa JT-60U wa Naka, Japani, yalionyesha kwamba kasi inayotosha ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile iliyodhaniwa. Breki ya awali haikuwa chombo cha kupimia tu. Nayo ilikuwa inachochea vurugu ileile iliyokuwa ikichunguzwa. Aliyeshtakiwa kumbe alikuwa amekaa pia kwenye kiti cha shahidi.

Wala jambo halikuishia kwenye kauli nyepesi kwamba kasi kidogo inatosha. Majaribio ya mtambo wa NSTX wa Princeton, na uchambuzi wa watafiti Sabbagh na Berkery waliouchapisha mwaka 2010, yalionyesha kwamba plazma huweza kuwa imara ikizunguka polepole, ikawa imara ikizunguka kwa kasi, na ikayumba katika kasi ya kati. Sababu inahusu mwendo wa chembe zenyewe, ambazo ndani ya uga sumaku huwa na midundo yao: nyingine hurudi nyuma na mbele zikiwa zimenaswa, nyingine huserereka polepole kulizunguka tairi. Wanaotwanga wawili kwenye kinu kimoja wanajua kwamba kazi huenda pale michi inapopokezana kwa mdundo unaolingana. Mdundo ukipotea, kila mmoja humsubiri mwenzake na nguvu hupotea hewani. Kasi ya plazma ikilingana na mmojawapo wa midundo ya chembe, chembe hupokea nishati ya myumbo na kuudhoofisha. Isipolingana na wowote, myumbo huachwa ukue. Kwa hiyo swali la wataalamu limebadilika kutoka kwenye kasi ni kubwa kiasi gani na kuwa kasi inalingana na nini, na badiliko hilo la swali ni la maana kuliko takwimu yoyote iliyopatikana njiani.

Ipo hatari nyingine ambayo kwa msikilizaji wa Ifakara ni rahisi zaidi kuiona, kwa kuwa hutokea kila msimu wa mavuno. Mashine ya kukoboa mpunga inayoendeshwa kwa mota ya umeme wa njia tatu huvuma sauti moja isiyobadilika mpunga unapomiminwa kwa kiasi. Mpunga ukizidi, au ukiwa bado na unyevu, sauti hushuka kidogo, mkanda huanza kulia, na kwa muda inaonekana kama mota itavumilia. Kisha, bila hatua ya kati, mota hukwama, hunguruma mahali pamoja, na mwenye mashine asipokimbilia swichi huanza kunusa koili zinazoungua. Hakuna mota inayozidiwa ikaamua kuzunguka kwa robo ya kasi. Ama inaenda, ama imekwama.

Mwaka 1993 mwanafizikia Richard Fitzpatrick alionyesha kwamba plazma katika tokamaki huweza kukwama kwa kanuni zinazofanana na za mota ya namna hiyo. Koili za tokamaki, hata zikitengenezwa kwa uangalifu gani, huwa na kasoro ndogo za umbo na mahali, na kasoro hizo huacha uga mdogo usiopaswa kuwapo, ambao hauzunguki kwa sababu koili hazizunguki. Plazma inapoupita uga huo kwa kasi, huwa kama gunia lile linalochovywa na kutolewa: uga hauingii ndani, na uzito wake kwa plazma ni mdogo. Lakini breki ya sumaku ina tabia moja ya ajabu. Mita za zamani za umeme, zile zenye kisahani cha alumini kilichoonekana kikizunguka nyuma ya kioo kabla ya mita za LUKU kuenea, zilikuwa na sumaku iliyokikumbatia kisahani hicho ili kisikimbie ovyo, na kwa mwendo wake wa polepole, kadiri kisahani kilivyokaza mwendo ndivyo sumaku ilivyokishika zaidi. Katika mwendo wa kasi sana kanuni hiyo hugeuka: uga hauna muda wa kuingia, na kadiri kitu kinavyokimbia ndivyo breki inavyolegea. Plazma iko upande huo wa pili wa kanuni. Ikipungua mwendo kidogo, breki hukaza. Breki ikikaza, mwendo hupungua zaidi. Na kwa mujibu wa hesabu za Fitzpatrick, kasi ikishashuka hadi karibu nusu ya ile ya awali, hakuna tena pa kusimama katikati. Plazma mahali pale hukwama, uga wa kasoro hupenya, kisiwa cha sumaku hufunguka, na kisiwa kilichokwama mahali pamoja ni miongoni mwa dalili za kawaida zinazotangulia plazma kuanguka yote.

Kasoro inayotosha kufanya hayo ni ndogo kiasi cha kushangaza: sehemu moja hivi kwa elfu kumi ya uga mkuu. Ni kama fundi wa daraja aambiwe kwamba kosa la sentimita moja katika mita mia linatosha kuliangusha daraja zima.

Visiwa vinavyozaliwa vyenyewe ndani ya plazma inayozunguka hupatwa na mkasa huohuo kwa njia ya ukuta. Kisiwa huzungushwa na plazma mbele ya ukuta, huamsha mikondo ndani ya ukuta, mikondo hiyo hukivuta nyuma, na kadiri kisiwa kinavyonenepa ndivyo mvuto huo unavyozidi, hadi siku yake ikafika nacho kikakwama. Tofauti ya kasi baina ya tabaka moja la plazma na lingine nayo ina kazi yake. Katika Mto Kilombero, maji ya katikati huenda upesi na ya kando hujivuta, na rundo la magugu yanayoelea likikaa nusu huku nusu kule hunyooshwa na kuchanwa. Vivyo hivyo misukosuko midogo inayopoteza joto la plazma huchanwa na tabaka zinazopishana kasi, na majaribio ya DIII-D yameonyesha kwamba visiwa hujitokeza kwa shinikizo dogo zaidi pale plazma inapozunguka polepole.

Kasi hizi zote hupimwa bila kugusa chochote. Treni ya TAZARA ikikaribia stesheni ya Ifakara huku ikipiga honi, sauti husikika nyembamba, na ikishapita huwa nene, kwa sababu mawimbi ya kitu kinachokuja hubanwa na ya kitu kinachoondoka hutanuliwa. Mwanga ni mawimbi pia, na ayoni za kaboni zilizomo katika plazma hutoa mwanga wa rangi maalumu ambao husogea kidogo upande wa buluu zinapokuja na upande wa nyekundu zinapokwenda. Kwa kupima msogeo huo mdogo wa rangi, watafiti husoma kasi ya plazma tabaka kwa tabaka.

Linalobaki ni swali la mahali kasi inapopatikana, na hapa ndipo matumaini mengi yanapopunguzwa. Mtambo mkubwa kuliko yote, ITER, unajengwa Saint-Paul-lez-Durance, kusini mwa Ufaransa, chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 2006 na China, India, Japani, Korea Kusini, Marekani, Urusi na Umoja wa Ulaya. Plazma yake itakuwa na ujazo wa takriban mara kumi ya ule wa JET, mtambo wa Culham, Uingereza, ambao kwa miaka mingi ulikuwa mkubwa kuliko yote, na mkondo wake umepangwa kufikia ampea milioni 15. Miale yake ya atomu imepangwa kutoa megawati 33 kwa chembe zilizochapuliwa na volti milioni moja, wakati zile za DIII-D huchapuliwa na volti elfu themanini hivi, na hesabu ya msukumo haina huruma: kwa nguvu ileile ya joto, chembe za kasi zaidi hubeba msukumo mdogo zaidi, kwa sababu huwa chache. Kila megawati ya ITER itasukuma chini ya theluthi moja ya kile ambacho megawati ya DIII-D husukuma, na kitu kinachosukumwa ni kizito mara nyingi zaidi. Ni sawa na kutaka kuzungusha mtambo wa Kidatu kwa maji ya kijito.

Plazma huweza pia kuzunguka yenyewe bila kusukumwa na miale, jambo lililochunguzwa kwa kina katika mtambo wa Alcator C-Mod wa chuo cha MIT na John Rice, ambaye jina lake, kwa sadfa itakayowafurahisha watu wa bonde la mpunga, kwa Kiingereza ni mchele. Mzunguko huo wa kujianzishia ni wa kweli, lakini kuutegemea kwa mtambo wa gharama ya ITER ni sawa na kulima bondeni kwa kutegemea mvua ambayo bado haijajulikana itaanza lini.

Kwa hiyo hukumu inayofaa kutolewa ni kwamba mzunguko ni mlinzi mzuri wa plazma lakini si mlinzi wa kukabidhiwa funguo za nyumba. Waliosanifu ITER wanaelekea kulielewa hilo, kwa kuwa wameuwekea mtambo huo koili 18 za kusahihisha kasoro za uga na nyingine 27 ndani ya chombo chenyewe za kutuliza miyumbo ya ukingoni, yaani wameamua kwamba kasoro izuiwe kwenye chanzo na myumbo ukamatwe ukiwa mchanga, badala ya kuomba plazma ikimbie vya kutosha. Wapo wanaouliza iwapo kazi hiyo yote inamhusu mtu wa Kilombero, ambaye umeme wake utaendelea kutoka kwa maji kwa miaka mingi. Inamhusu angalau kwa hili, kwamba hakuna chanzo cha umeme kisicho na gharama yake: Kihansi yenyewe, kwa kuyageuza maji ya maporomoko, iliwaondolea manyunyu ya maji vyura wadogo ambao hawakuwa wakiishi mahali pengine popote duniani, wakatangazwa mwaka 2009 kuwa wametoweka porini, na mbegu yao ikabakia katika bustani za wanyama za Marekani hadi ilipoanza kurudishwa Tanzania mwaka 2010, na kwenye korongo la Kihansi lenyewe mwaka 2012.

Mtambo wa JET ulifungwa Desemba 2023 baada ya miaka 40 ya kazi. Katika majaribio yake ya mwisho ya deuteri na triti, mwaka huohuo, ulitoa megajuli 69 za nishati ya muunganiko kwa muda wa sekunde tano hivi, kutokana na robo ya miligramu ya fueli au pungufu, na hicho ndicho kiwango kikubwa kuliko vyote ambavyo tokamaki imewahi kutoa katika jaribio moja. Mitambo mitatu ya Kihansi ikienda kwa uwezo wake wote hutoa nishati hiyo kwa muda usiofika nusu sekunde, na kwa mteja wa Ifakara anayenunua umeme kwa simu, megajuli 69 ni uniti 19 za LUKU.